Mark X mpya hainipi raha ya GX100 yangu: niuze lipi?

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Masasi, kazi yangu inanipeleka Mtwara mjini karibu kila wiki, na shamba langu la mikorosho liko upande wa Newala. Tangu msimu wa 2013 naendesha Toyota Mark II Grande, GX100 ya 1997. Ndiyo iliyompeleka mke wangu Ndanda kujifungua usiku wa mvua, na ndiyo iliyobeba salfa ya shamba miaka yote. Wiki saba zilizopita nimepokea Mark X kutoka Japani, 250G S ya 2011, rimu inchi 18. Ina nguvu, viti vizuri, watu wanageuka kuitazama. Lakini nikishuka naona kama nimeshuka kwenye gari la kuazima. Nikipanda ile ya zamani, hata kwenda dukani, moyo unatulia. Je, ni mazoea tu au kuna kitu kweli? Na nikiuza moja, niuze lipi? Kuna mtu wa Tandahimba ananifuata kila siku, anaitaka GX."

Marahaba, mdogo wangu. Swali hili hunijia sana hapa gereji, ila wengi hawaliulizi wazi kama wewe. Mtu huja na Mark X akisema usukani una tatizo. Naipandisha, naangalia tairodi, boljointi, kila kitu, nakuta gari zima. Naendesha naye mpaka Mikindani na kurudi, na njiani ndipo anasema, "Fundi, ile yangu ya zamani haikuwa hivi." Hapo najua kinachomsumbua hakimo kwenye tairodi.

Kwa hiyo naanza na hili: si mazoea tu. Vipo vitu vya kweli, vya chuma, vya mpira na vya waya, vinavyofanya GX100 ikupe raha ambayo Mark X haikupi. Lakini kuna jambo moja hukulitaja kwenye barua yako, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Unalinganisha gari ulilolitengeneza kwa mkono wako zaidi ya miaka kumi na gari ambalo hakuna mtu aliyeanza kulitengeneza. Nitalirudia hilo, maana ndipo jibu la niuze lipi lilipo.

Tuanze na injini, kwa sababu naamini sikio lako limeanza hapo. GX100 yako ina 1G-FE, lita mbili, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Mpangilio huo una sifa ambayo mpangilio mwingine wa silinda sita hauipati bure. Pistoni ya kwanza ikipanda, ya sita inapanda nayo. Ya pili na ya tano zina safari moja. Ya tatu na ya nne vilevile. Mitikiso yake inafutana yenyewe kwa yenyewe, bila kifaa cha kuisaidia. Ndiyo maana unaweza kusimamisha glasi ya maji juu ya injini ya 1G iliyo nzima na maji yakatulia. Toyota walitumia silinda sita za mstari kwenye Mark II mpaka ilipofika mwisho wake mwaka 2004. Mark X ilipochukua nafasi yake mwaka huohuo, ilikuja na V6, yaani silinda sita zilizogawanywa pande mbili kwa umbo la V. Yako ni 4GR-FSE ya lita mbili na nusu. V6 ni fupi, inakaa vizuri chini ya boneti na inaacha nafasi ya kulinda watu gari likigonga. Lakini ni kama injini mbili za pistoni tatu zilizounganishwa, na kila upande una tabia ya kutaka kuyumba mbele na nyuma. Wahandisi wameidhibiti kwa uzani wa kwenye krenki na kwa mauntini laini. Wameidhibiti vizuri sana, lakini sauti haiwezi kuwa ileile. Ile hariri unayoisikia kwenye GX ikipanda mzunguko ipo kweli, wala hujaiota.

Kwa nguvu hakuna mashindano. 1G ya 1997, kabla ya VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa vali kufunguka, kuingia mwaka 1998, ilikuwa na farasi 140. Mark X yako inatoa 203. Hata ukizingatia kwamba Mark X ni nzito zaidi, takriban kilo 1,500 dhidi ya GX isiyofika 1,400, bado kila tani ya Mark X ina nguvu zaidi kwa karibu theluthi moja. Na ina gia sita ambapo GX ina nne.

Sasa mbona haikusisimui? Angalia mguu na mikono yako vinaongea na nini. Kwenye GX ya 1997 kuna waya wa chuma kutoka pedali ya mafuta mpaka kwenye koo la injini, yaani mlango wa kuingizia hewa. Ukisogeza mguu milimita moja, koo linafunguka papo hapo. Kwenye Mark X mguu wako unasukuma sensa, sensa inaiambia kompyuta, na kompyuta inaamua koo lifunguke kiasi gani. Kwenye D imepangwa iwe mpole, ili mtu aende vizuri kwenye foleni na asimwage mafuta. Mtu aliyezoea waya anauona upole ule kama usingizi. Sogeza mkono wa gia kwenye S ukiwa nje ya mji uone. Ni gari lilelile, lakini linaamka.

Usukani ni hivyohivyo. GX inasaidiwa na hydroliki, mafuta yanayosukumwa na pampu. Tairi likipanda jiwe, mafuta yale yanarudisha habari mpaka kwenye kiganja chako. Mark X inasaidiwa na mota ya umeme. Mota ile haivuji, haina mkanda wa kubadilisha, na haichukui nguvu ya injini wakati unakwenda moja kwa moja. Lakini inachuja habari kabla hazijakufikia. Dereva wa kawaida hushukuru. Wewe ambaye kwa miaka kumi na zaidi umejua hali ya lami ya Nanganga kwa kutumia vidole tu, lazima ujione umevishwa glavu. Hilo sitakudanganya kwamba kuna fundi wa kukurekebishia. Ndivyo ilivyoundwa.

Yaliyobaki karibu yote yanarekebishika, na hapa naomba unisome taratibu.

Matairi kwanza. GX yako ya kawaida inavaa 195/65R15. Namba ya kati ni asilimia, kwa hiyo ukuta wa tairi, yaani mpira kati ya rimu na barabara, ni milimita 127. Mark X yako ya S inavaa 235/45R18, ukuta wake ni milimita 106. Umepoteza sentimita mbili za mto. Juu ya lami ya Japani ni tofauti ndogo yenye faida, kwa sababu gari linakata kona bila kulala. Juu ya barabara yetu, ambako malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanashuka usiku na mchana kuelekea bandari ya Mtwara na lami imeanza kujikunja kama godoro, sentimita mbili hizo ndizo raha yako. Kila kiungo cha daraja, kila tuta la kijiji, kila kiraka, Mark X inakuletea moja kwa moja kwenye kiti, kisha wewe unasema gari halina roho. Roho linayo. Limevalishwa viatu vya ukumbini kwenda navyo shambani.

Dawa yake ni rahisi kuliko unavyofikiri. Mark X zisizo za S zilitoka kiwandani na 215/60R16. Ukuta wake ni milimita 129, mkubwa hata kuliko wa GX, na kimo cha tairi zima kinakaribia sana kile cha inchi 18, tofauti haifiki milimita tano. Kwa hiyo spidi kwenye dashibodi haidanganyi na gari halibadiliki urefu. Tafuta rimu za 16 za Mark X, uzijaribishe kwanza kwa mkono mbele ili kuhakikisha zinavuka kalipa ya breki bila kugusa, ndipo ulipe. Zile za 18 zifunike, zivae siku ya harusi. Wapo watakaokuambia uweke spesa kwenye springi ili gari lipande. Mimi sipendi spesa kwenye gari hili. Zinabadilisha pembe za mikono ya mbele, tairi zinaliwa upande mmoja, na tabia nzuri ya kona uliyoilipia inapotea.

Na ukiwa chini pale ukitazama matairi, soma tarakimu nne za mwisho kwenye ukuta, baada ya herufi DOT. Ukikuta 2314, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Magari mengi yanashuka bandarini na matairi yenye kashata nene kabisa lakini mpira umezeeka na kukakamaa. Yanapiga kelele, yanateleza kwenye mvua, na siku moja yanapasuka mwenye gari akishangaa maana "yalikuwa mapya". Fungua na buti utazame tairi la akiba. Kama ni lile dogo jembamba la dharura, lina kikomo cha kilomita 80 kwa saa na halikuundwa kwa safari ndefu. Kutoka Somanga mpaka Nangurukuru usiku si mahali pa kugundua hilo.

Baada ya matairi, mpira wa ndani. Bushi za mikono ya mbele, mauntini za injini, shokapu. Gari la 2011 lina bushi za 2011, hata kama mita inasoma kilomita chache. Mpira hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu pia miaka na joto. Wewe GX umeibadilishia bushi mara ngapi? Nina hakika si chini ya mara mbili tangu 2013. Shokapu? Umeziweka mpya, na bila shaka ulichagua ngumu kidogo kwa sababu ya barabara ya shamba. Kila kilichochoka ulikitoa ukaweka kinachokufaa wewe, uzito wako, njia zako. GX ile leo si gari lililotoka Japani. Ni gari la Masasi lililokatwa kwa kipimo chako kama kanzu. Halafu pembeni yake unaweka kanzu ya dukani ambayo hata pindo halijapunguzwa, unauliza kwa nini hainikai.

Wazee husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwako imegeuka, kipya kimekuwa kidonda kabla hakijawa kinyemi. Naamini ni kwa sababu una jicho, na jicho hilo tulitumie.

Kuhusu mwendo. Kati ya Masasi na Mnazi Mmoja, Ndanda, Nyangao, Mtama, ni kijiji baada ya kijiji. Kikomo vijijini ni 50, na askari wa tochi wanaijua kazi yao. Farasi 203 hazikufikishi Mtwara mapema kwa maana ya kukimbia. Zina kazi moja tu ya maana kwenye njia ile, nayo ni kulipita lori. Fanya hesabu nami. Chukua lori la mita 17 linalokwenda 60. Ukijumlisha nafasi unayoacha nyuma yake, nafasi ya kurudi mbele yake na urefu wa gari lako, unatakiwa kulizidi kwa zaidi ya mita 60. GX ikienda kwa wastani wa 85, unalizidi kwa 25 tu, sawa na mita 7 kila sekunde, na utahitaji sekunde 9. Ndani ya sekunde hizo wewe umekwenda zaidi ya mita 200, na anayekuja mbele kwa 80 naye amekuja mita 200. Unahitaji zaidi ya mita 400 za barabara tupu. Mark X ikikupa wastani wa 95, sekunde zinashuka kuwa 6 na kitu, na barabara unayohitaji inashuka mpaka kama mita 310. Karibu mita 100 umeziokoa. Nimeitoa miili kwenye magari barabarani, sitaki kusema zaidi ya hapo, lakini mita 100 zile nazithamini kuliko hariri ya injini yoyote. Ukiongeza mfumo wa Mark X unaobana breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuteleza, na mifuko ya hewa ya pembeni, basi siku mkeo na watoto wako ndani, kwenye lami yenye malori na mvua, mimi ningekuomba uwapeleke na Mark X. Hapa moyo na akili havikubaliani, na nakushauri usikilize akili.

Kwenye tope mambo ni mengine. Yote mawili yanasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo yote mawili yatacheza ngoma udongo ukilowa. Ila Mark X ikiona gurudumu linazunguka bure, kompyuta inakata nguvu, na gari linaweza kusimama katikati ya dimbwi huku umekanyaga mafuta mpaka sakafuni. Kipo kitufe cha kuzima mfumo ule, chenye picha ya gari linaloteleza. Kijue kilipo kabla ya mvua.

Sasa matunzo, na hapa nitakuwa mkali kidogo, maana GX imekulea vibaya. 1G ni injini yenye huruma. Imekunywa petroli ya kila kisima, imevumilia oili iliyochelewa, imekurudisha nyumbani. 4GR haina huruma hiyo. Herufi FSE mwishoni zinamaanisha petroli inanyunyizwa ndani ya silinda moja kwa moja, kwa shinikizo kubwa, kupitia vitundu vidogo sana. Uchafu kidogo unatosha kuharibu mnyunyizo. Kwa hiyo ile petroli ya chupa inayouzwa pembeni ya barabara vijijini, usiipe. Ukiona taa ya mafuta imewaka na uko mbali na kituo, ujue ulikosea mapema, ulipopita kituo bila kujaza. Kuhusu daraja la petroli usiwe na hofu. Mark X ya kizazi cha kwanza yenye injini hii ilitaka petroli ya juu ikatoa farasi 215, lakini kizazi chako kilirekebishwa kitumie ya kawaida, ndiyo maana nguvu ikashuka kidogo.

Kuna jambo la pili la injini hii ambalo mafundi wengi hawalielezi. Kwenye GX petroli inanyunyiziwa nyuma ya vali za kuingiza hewa, na njiani inaziosha. Kwenye 4GR petroli haipiti hapo kamwe. Moshi wa oili kutoka ndani ya injini unarudishwa kwenye njia ya hewa, unagota nyuma ya vali, unaungua, na mwaka hata mwaka unajenga masizi meusi magumu. Dalili zake ni injini kutetemeka ikiwa imesimama asubuhi, gari kusitasita, mara taa ya injini inawaka na kompyuta inasema silinda fulani inakosa moto. Mtu anabadilisha plagi, anabadilisha koili, anabadilisha mpaka kompyuta, na tatizo lipo palepale. Dawa ni kufungua manifoldi ya hewa na kusafisha vali moja moja. Chupa za kumimina kwenye tangi hazisaidii, kwa sababu kilichomo kwenye tangi hakifiki nyuma ya vali. Angalia kama Mark X yako nayo inatetemeka ikiwa imesimama kwenye taa za barabarani. Kabla hujailaumu V6, nataka nichungulie mle.

Gia boksi nalo. Mwaka fulani nililetewa Mark X na mfanyakazi wa kiwandani. Ilikuwa ikipanda gia inapiga teke, kisha inateleza. Ilikuwa imefanyiwa sevisi mahali ambapo walimwaga oili ya gia wakaweka ile nyekundu ya kawaida, ile inayoifaa GX yako. Gia sita za Mark X zinataka oili inayoitwa WS, nyepesi kuliko hizo za zamani, na hakuna kijiti cha kupimia. Inapimwa kwa nati ya kufurikia, injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa na joto la takriban nyuzi 40. Tuliosha, tukaweka inayotakiwa, mara ya kwanza na ya pili, lakini klachi za ndani zilikuwa zimeshaungua. Yule bwana aliuza gari kwa bei ya skrepa. Kwa hiyo usimruhusu mtu aiguse boksi hiyo kama hana mashine ya kusoma joto na hawezi kukutajia jina la oili bila kuulizwa.

Redio ni jambo dogo lakini najua limekuudhi. Masafa ya FM ya Japani yanaanzia 76 na redio za miaka ile zinaishia 90, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Weka kibadilisha masafa au redio nyingine, usiku mmoja yameisha. Nusu ya upweke wa gari jipya ni kuendesha kimya kilomita 200.

GX nayo tusiipambe kupita kiasi kwa sababu tunaipenda. Ina mkanda wa taiming wa kubadilisha kila kilomita 100,000, wakati Mark X ina mnyororo. Kama hukumbuki mara ya mwisho, basi umechelewa. Umebeba salfa kwenye buti miaka yote hii. Salfa ikilowana inakula bati, na bati la buti la GX liko juu ya maungio ya chesisi ya nyuma. Toa zulia, toa tairi la akiba, ponda-ponda kwa bisibisi pembeni. Pia kila wiki unakuja Mtwara, na kama unafikia upande wa Shangani, hewa ya chumvi ya usiku mmoja ni zaidi ya ya Masasi ya mwezi mzima. Oshea chini, si juu tu. Hilo ni la magari yote mawili, na Mark X nayo iangalie chini kwa taa: yakitoka mikoa ya theluji ya Japani, ambako humwaga chumvi barabarani, huwa yameanza kutu kabla ya kupanda meli.

Mafuta pima mwenyewe, usisikilize vijiwe. Jaza mpaka pampu ijikate, endesha wiki, jaza tena kwenye pampu ileile. Ukienda kilomita 400 ukaongeza lita 42, ni kilomita 9 na nusu kwa lita. Fanya kwa magari yote mawili njia ileile. Nimeona watu wakishangaa: kwenye safari ndefu, kwa mwendo wa utulivu, gia ya sita huifanya ile lita mbili na nusu isiwe mlafi kama wanavyodhani. Mjini, kusimama na kuondoka, GX itaishinda.

Basi, niuze lipi.

Kwa sasa usiuze lolote. Mtu wa Tandahimba mwambie asubiri, na kama anaitaka GX kweli atasubiri. Mwaka 2009 mimi niliuza Cresta yangu wiki ya tatu baada ya kupata gari jipya, kwa sababu mtu alikuja na fedha taslimu za korosho mkononi na bei ilikuwa nzuri. Mvua zilipoanza Desemba ndipo nilipojua nimeuza gari lililokuwa likinifikisha shambani, na lile jipya lilikuwa na ugonjwa wa kupoteza maji ambao kiangazi hakikuuonyesha. Nilimfuata yule mnunuzi mpaka kwake Newala nimrudishie fedha na nyongeza. Alikataa, na alikuwa na haki.

Kwetu kusini mvua ni msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili. Ipe Mark X msimu huo mmoja. Kabla haujaanza ifanyie yale uliyoifanyia GX: rimu za 16 na matairi mapya, bushi za mbele, shokapu kama zimelegea, vali zisafishwe kama zina masizi, oili ya injini na ya gia zinazotakiwa, pampu ya maji iangaliwe kama ina alama za kuvuja, maana injini za ukoo wa GR zina tabia hiyo. Itumie njia ya Mtwara na ya Dar. GX ibaki ya shamba na ya sokoni, na iwashwe kila wiki na kutembezwa, maana gari la kuegeshwa linaoza haraka kuliko la kutumiwa.

Mwezi wa Aprili ukifika, kama bado ukishuka kwenye Mark X unajiona umeshuka kwenye gari la kuazima, basi iuze hiyo. Itakuwa imetengenezwa, ina kumbukumbu za sevisi, na itapata bei. Utakuwa umepoteza fedha kidogo lakini hutakuwa umepoteza GX. Na kama imekuingia, uza GX kwa yule wa Tandahimba, ukimwonyesha kila nati uliyoigusa, naye umpe na lile daftari lako la sevisi. GX100 nzima hupati ya kununua tena ukishajuta, ila Mark X bado zinashuka bandarini. Ndiyo maana nakuwekea mpangilio huo na si mwingine.

Ukija Mtwara wiki ijayo, njoo na yote mawili. Mkeo aendeshe moja. Umesema mengi kuhusu moyo wako, lakini hukusema yeye anajisikiaje akiwa nyuma ya usukani wa lile jipya, na ndiye aliyepelekwa Ndanda. Fikeni asubuhi mapema, kabla injini hazijashika joto jingi la mchana, nina rimu za 16 za kukuazima. Tutazifunga, mimi nikae kiti cha nyuma, twende mpaka Mikindani kwa Mark X, turudi kwa GX, kisha tubadilishane madereva twende tena.